Gari la zamani Mombasa: kuliwasha, kuizoeza injini na kuliendesha kwa mafuta machache

Gari langu ni Corolla KE70, injini ya 4K, cc 1290, la kabureta (inayochanganya petroli na hewa) na pointi (zinazokata umeme ili plagi zipige cheche). Nilipolinunua kwa jirani hapa Tudor lilikuwa likienda kilomita 8 kwa lita. Watu wakaniambia ndiyo tabia ya gari kuukuu, niliuze nitafute Vitz. Nikalipeleka kwa fundi mmoja mzee. Akafungua boneti, akatoa eya klina, akavuta waya wa choki, akauachia, akainama kutazama kinywa cha kabureta. Kile kibati cha choki kilikuwa kimekwama katikati. Akakisukuma kwa kidole, kikarudi mahali pake polepole kama mlango wenye kutu.

"Mwanangu," akaniambia, "gari hili si gonjwa. Limezoeshwa kunywa."

Leo gari hilohilo linakwenda kilomita 13 kwa lita, na hakuna kifaa cha ajabu nilichofunga. Nilichobadilisha ni namna ya kuliwasha, namna ya kulitunza, na mguu wangu wa kulia. Haya ninayoyaandika yanalifaa gari lolote la kabureta, iwe Datsun, Peugeot 504 au Land Rover. Penye tofauti na gari la injekta, linalopuliziwa petroli bila kabureta, nitasema.

Pima kabla ya kugusa chochote

Usinunue plagi wala usigombane na fundi kabla hujajua gari lako linakunywa kiasi gani. Geji ya gari la miaka thelathini na ushei haiaminiki. Yangu hukaa kwenye nusu kwa siku tatu, kisha huanguka ghafla.

Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, na umwambie kijana wa pampu asiongeze hata tone. Andika kilomita. Endesha kama kawaida yako wiki nzima. Usijitie adabu kwa sababu unapima. Kisha rudi kwenye pampu ileile, gari likiwa limeelekea upande uleule, ujaze tena mpaka ijikate. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita ulizotia mara hii ya pili. Kilomita 286 kwa lita 22 ni 13. Fanya mara tatu kabla ya kuamini jibu, na kama mita ya kilomita imekufa, badilisha waya wake kwanza, maana bila mita hiyo unabahatisha tu.

Mimi nina daftari dogo ndani ya dashibodi. Naandika lita, siandiki shilingi. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi, na zinaanza kutumika usiku huohuo wa manane. Ukifuata shilingi utadhani gari limeharibika, kumbe bei ndiyo iliyopanda.

Kuwasha asubuhi

Petroli ndani ya injini baridi haigeuki mvuke vizuri. Nyingine hushikamana na kuta za bomba kabla ya kufika kwenye silinda. Ndiyo sababu ya choki: inabana hewa ili mchanganyiko uwe mzito na injini ishike. Lakini ile petroli ya ziada isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremkia chini kwenye oili. Vuta kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, choki yako inakaa nje muda mrefu au imekwama kama ilivyokwama yangu.

Na huku pwani hatuna baridi ya kudai choki yote. Hata Julai, kusi likivuma, alfajiri ya Mombasa haitetemeshi mtu. Mimi nafanya hivi:

1. Kabla ya ufunguo, natazama chini ya gari kama kuna tone jipya, kisha oili na maji. Ni dakika moja.

2. Nawasha ufunguo bila kupiga stata, nione taa ya oili na ya betri zikiwaka. Taa isiyowaka sasa haitakuonya njiani.

3. Navuta choki nusu. Miezi ya kaskazi navuta robo, na siku nyingine siigusi kabisa. Gari lenye choki ya kujiendesha lenyewe, kanyaga mafuta mara moja mpaka chini uachie, ili kibati kijifunge.

4. Nakanyaga klachi, napiga stata. Isizidi sekunde kumi. Isiposhika, ngoja nusu dakika. Stata na betri navyo vinahitaji kupumua.

5. Ikishika, mguu hauko kwenye mafuta. Naangalia taa ya oili izime, nahesabu hadi ishirini au thelathini, kisha naondoka taratibu.

6. Choki naisukuma ndani kidogo kidogo. Nikitoka Tudor, kufika Buxton tayari imerudi yote.

Ule utaratibu wa kuwasha gari, ukaingia ndani kunywa chai huku injini "inapata moto" dakika kumi, nauomba uachwe. Injini inayonguruma mahali pamoja hupata moto polepole mno, na muda wote huo inakunywa mchanganyiko mzito na kujiosha oili. Injini hupata moto haraka ikifanya kazi nyepesi. Kilomita mbili za kwanza nenda bila kuipigisha resi, badilisha gia mapema, basi.

Gari lililokaa wiki mbili bila kuguswa lina jambo lake. Petroli ya kwenye bakuli la kabureta huwa imekauka kwa joto letu, kwa hiyo stata lazima izungushe mpaka pampu ijaze upya. Piga kwa vipindi vifupi, usiogope. Na kama stata inazunguka kwa uvivu ilhali betri ni nzima, tazama vichwa vya betri na ule waya mnene wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Hewa ya chumvi hula pale. Fungua, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi. Nimeona watu wakinunua stata mpya kwa ugonjwa wa waya huo.

Kuwasha likiwa moto: foleni ya Likoni

Hapa ndipo magari ya kabureta yanapoaibisha wenyewe. Umefika kivuko cha feri cha Likoni saa nane mchana, foleni haisogei, umezima injini kama inavyostahili. Joto la injini linapanda mpaka kwenye kabureta, petroli iliyo kwenye bakuli inachemka na kumwagikia ndani. Foleni inasogea, unapiga stata, halishiki. Unapampu mafuta, ndiyo unalizamisha kabisa. Nyuma yako matatu inapiga honi.

Usipampu. Choki iwe ndani yote. Kanyaga mafuta mpaka chini, ushikilie hapohapo, halafu piga stata bila kuachia mguu. Kabureta ikiwa wazi yote, hewa inaingia kwa wingi na kuikausha ile petroli iliyozidi. Litakohoa mara mbili tatu kisha lishike. Hapo ndipo unaachia mguu polepole. Gari la injekta halihitaji mguu wowote.

Zima injini kwenye foleni yoyote utakayosimama zaidi ya dakika moja. Injini ndogo ikinguruma bure hula kama lita moja kwa saa au pungufu kidogo, na Likoni saa nzima si ajabu. Ila kwenye ule mteremko wa kuingilia feri injini iwe inanguruma, kwa kuwa bila injini breki za buster, zinazosaidiwa na mvuto wa injini, zinakuwa ngumu kama kukanyaga ukuta, na mbele yako kuna watu wanaotembea. Mtu wa Changamwe au Miritini anayeenda Diani apite zake Dongo Kundu, barabara inayoikwepa feri: ni gari kutembea moja kwa moja bila kusimama, na hilo peke yake ni mafuta.

Thamostati, na vitu vingine vinavyokula mafuta

Nikipewa neno moja tu la kuwaambia wenye magari ya zamani Mombasa, ningesema: rudisheni thamostati. Mafundi wengi hapa huitoa na kuitupa, wakisema nchi yetu ina joto, ya nini? Mantiki inaonekana nzuri lakini haifai. Thamostati huzuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 82 hivi. Ikitolewa, maji yanazunguka tangu mwanzo, na ukiwa barabara kuu upepo wa kilomita 80 unaipooza injini isifike moto wake hata ukifika Kilifi. Injini isiyofika moto wake hula mafuta kama iliyo kwenye choki, na silinda zinalika. Gari likichemka bila thamostati, au nayo ikiwa nzima, ugonjwa uko kwenye rejeta, feni, pampu ya maji au gasketi ya hedi.

Kuijaribu ni kazi ya jikoni. Chukua sufuria ya zamani, ifunge thamostati kwa uzi ining'inie ndani ya maji isiguse chini, uweke kwenye jiko. Maji yakiwa vuguvugu inabaki imefunga. Yanapokaribia kuchemka, kile kisahani cha katikati kinainuka taratibu, kiasi cha kuingiza ncha ya kidole. Ukiyatoa maji jikoni kinarudi. Isipofunguka, ndiyo ile iliyompa fundi sababu ya kuitupa, nunua nyingine.

Na maji unayotia. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na ile mitungi ya mkokoteni hujui imetekwa wapi. Maji ya chumvi hujenga magamba ndani ya rejeta na kula hedi ya aluminiamu. Tia kulanti iliyochanganywa. Usipokuwa na pesa zake, kinga maji ya mvua ya masika uyahifadhi kwenye dumu safi. Ni bora mara kumi kuliko ya kisima, ingawa hayazuii kutu kama kulanti.

Yaliyobaki ni mepesi. Plagi ing'oe uitazame: rangi ya chai ya maziwa ni sawa, nyeusi yenye masizi, mchanganyiko ni mzito, nyeupe, mwepesi au moto umezidi. Nyingi za Toyota za umri huu hutaka nafasi ya milimita 0.8 kwenye plagi na 0.45 kwenye pointi. Nunua fila geji yako mwenyewe, vile vibati vya kupimia nafasi. Pointi zikiguswa, taimingi nayo, yaani wakati wa cheche kupigwa, ipimwe upya. Nyaya za plagi zichunguze usiku: injini ikinguruma, taa zote zimezimwa, fungua boneti gizani. Waya uliochoka utauona ukirusha cheche za buluu kwenye ngozi yake, hasa msimu wa mvua. Eya klina ya karatasi usiioshe, ibadilishe.

Upepo wa tairi pima asubuhi kabla hujatembea, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye gari au kitabu chake. Fundi wa pancha anayekadiria kwa kugonga tairi kwa spana usimwachie kazi hiyo. Baada ya safari, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kugusa: iliyo na joto kuliko wenzake, breki yake inashika. Kwenye uwanja tambarare, gari dogo kama langu mtu mmoja analisukuma kwa mikono. Usipoliweza, injini yako inavuta breki kutwa.

Kuizoeza injini iliyofunguliwa

Hili limenigharimu, kwa hiyo nitakaa nalo. Injini yangu imefunguliwa mara mbili. Mara ya kwanza gereji moja iliipiga ringi za pistoni na bearingi mpya, wakaiwasha saa saba, wakaiacha ikinguruma peke yake hadi alasiri "ijizoeze". Wakaniambia nisizidi mwendo wa kilomita 40 kwa saa mwezi mzima. Nilitii kama mtoto. Mwaka haukuisha, ikaanza kutoa moshi wa buluu na kula oili lita kwa wiki mbili. Pesa zangu zikaenda, na nilikuwa nimefuata kila nililoambiwa.

Kosa lilikuwa hili. Fundi anaposugua silinda upya huacha mikwaruzo midogo inayokatizana, na ringi mpya lazima zijisage kwenye mikwaruzo hiyo mpaka zikae. Kinachozibana ringi ukutani si springi yake tu. Ni gesi ya mlipuko inayoingia nyuma yake na kuisukuma nje. Injini isiyo na mzigo haina nguvu hiyo. Ringi huelea, oili inaungua kwenye mikwaruzo, ukuta unang'aa kama kioo, na baada ya hapo hazikai tena. Nafasi ni moja, kilomita za mwanzo.

Mara ya pili tulifanya na yule mzee, hivi:

Kabla ya kuwasha, tulitia oili ya kawaida ya madini, 20W-50, tukaijaza filta kabla ya kuifunga. Sintetiki iache kwa sasa. Tukachomoa waya mkubwa wa koili usilete moto, tukapiga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili ikazima. Sasa bearingi zimepata oili kabla hazijapata mzigo.

Taimingi ilikuwa imewekwa karibu sawa, hivyo ikashika mara ya pili. Kwa sababu kemshafti (mhimili unaofungua valvu) na tapeti zinazosukumwa nayo zilikuwa mpya, hatukuiacha ingurume taratibu hata kidogo. Mzee aliishika kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika ishirini. Kama huna geji ya mizunguko, sikiliza: ni ule mlio wa gari linalokwenda kilomita 60 kwenye gia ya nne. Kemshafti hupata oili kwa kurushiwa na mzunguko wa injini, na ikizunguka polepole siku ya kwanza hujila yenyewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia uvujaji na joto. Ikazimwa, ikapoa, hedi ikakazwa tena kwa tokwenchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, maana gasketi tuliyotumia ilidai hivyo. Soma ya kwako.

Kesho yake, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi kabla ya magari kujaa, nilitoka peke yangu kupitia Daraja la Nyali, Kongowea na Mtwapa. Baada ya Mtwapa nikaanza: gia ya tatu, kutoka 40 nakanyaga kwa nguvu ya wastani mpaka 70, kisha naachia mguu kabisa nikiwa kwenye gia ileile mpaka lishuke 40. Tena. Mara kumi. Unapokanyaga, gesi inazibana ringi. Unapoachia, mvuto wa injini unapandisha oili ukutani, inapooza na kuosha unga wa chuma. Angalia kioo cha nyuma kila unapoachia mguu, usimtie mtu hatarini kwa ajili ya ringi. Nilifika Daraja la Kilifi, nikapumzisha gari, nikarudi.

Mpaka kilomita 500 sikuzidi 80, sikuliendesha mwendo mmoja kwa muda mrefu, sikupakia watu sita, na sikuliacha linung'unike kwenye gia kubwa likipanda mlima. Kilomita 500 zilipofika tulimwaga oili kwenye karai. Ilikuwa imejaa ving'aavyo, ukiizungusha juani unaona kama vumbi la fedha. Hicho ndicho ambacho kingebaki kikisaga bearingi. Oili mpya, filta mpya, tapeti zikarekebishwa, pointi na taimingi zikapimwa upya. Zilipofika kilomita 1,500 nikaliacha liishi maisha yake. Sasa halitoi moshi, na baina ya kumwaga oili siongezi.

Hedi ikiwa chini, kuna swali moja la kumuuliza fundi: viti vya valvu ni vigumu? Kenya iliachana na petroli yenye madini ya risasi mwishoni mwa 2005. Risasi ile ilikuwa ikilinda viti laini vya chuma vya magari ya zamani ya Kiingereza, yale ya miaka ya 1960 na 1970. Bila risasi valvu za ekzosi huzama kidogo kidogo, na nafasi ya tapeti inapungua kila ukipima. Dawa ni kuwekewa viti vigumu, na wakati wake ni huo hedi imefunguliwa. Toyota za Japani za miaka ya 1980 kwa kawaida hazina shida hii.

Barabarani

Mjini, breki ndiyo inayotupa mafuta. Kila ukikanyaga breki umetupa mwendo ulioununua. Kutoka Tudor hadi Mwembe Tayari natazama gari la tatu mbele, si la kwanza. Likiwasha taa za breki naachia mafuta mapema, nikifika hapo foleni imeshasogea na sijasimama kabisa. Gia ya pili mara gari linapoanza kutembea, ya tatu kabla ya 40, ya nne kwenye 50. Lakini lisikutetemekee, gari linalotetemeka kwenye gia kubwa linakunywa na kujiumiza.

Barabara kuu, mwendo ndio hesabu. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 kwenda 100 unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kutoka Mombasa hadi Kilifi, kama kilomita 60, tofauti hiyo ni dakika tisa tu hata njia ikiwa wazi kabisa, na haiwi wazi. Keria tupu juu ya gari itoe. Kwenye buti nilikuta jeki mbili, gia boksi kuukuu na mfuko wa saruji uliogeuka jiwe, vyote vya mwenye gari wa kwanza.

Mwisho ni mteremko wa Mazeras, kwenye barabara ya Nairobi, ukirudi mjini. Madereva wengi huweka fri, yaani huitoa gia, ili waokoe mafuta, wengine huzima kabisa. Kwa gari la injekta hupati kitu: ukiachia mafuta ukiwa kwenye gia, injekta zinafunga zenyewe, ilhali kwenye fri zinaendelea kumwaga ili injini isizime. Kwa kabureta labda unaokoa vijiko vichache. Na unavilipia kwa breki za moto katikati ya malori yaliyobeba kontena, gari lako likiwa halina kinacholishika. Mimi naweka gia ya tatu juu kabisa ya mteremko, naondoa mguu kwenye mafuta, na nashuka nayo mpaka chini.